Nani Aliyemfundisha Rosa?

Makala haya yanaitazama tena riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Wengi wetu tumeisoma, na kwenye semina hukumu huwa imekwishatolewa kabla ya mjadala: Rosa alikuwa malaya, basi. Mimi sikubaliani, na ndugu msomaji naomba anivumilie.

Tuanze na malezi. Zakaria ni mlevi anayempiga mkewe, Regina. Anapoigundua barua ya Charles, Rosa naye anakula kipigo kikali. Kuhusu mvulana, mwili au mapenzi, baba hamfundishi lolote. Fimbo ndiyo mwalimu. Rosa anajifunza nini hapo? Kwamba mwanamume ni wa kuogopwa, na kwamba msichana hana la kujieleza. Anapokutana na Deogratias, hofu hiyo haimsaidii kitu. Mtu aliyefundishwa kuogopa tu hajui akatae nini, wala akatae kwa maneno gani.

Nasema haya kwa sababu nayajua. Kwetu, wimbo wa mapenzi ukianza redioni, baba alinyoosha mkono akazima. Hakueleza. Tulikwenda kuumalizia kwa jirani, na maana yake tukafafanuliwa na vijana wa kijiweni ambao nao walikuwa wanabahatisha. Dada yangu alipokutwa na barua alichapwa. Nilipokutwa na yangu, baba alicheka, eti kijana kakua! Nyumba moja, kosa moja, masomo mawili. Dada alifundishwa kwamba mwili wake ni aibu ya ukoo. Mimi nilifundishwa kwamba wangu ni sifa.

Cha ajabu ni kwamba riwaya yenyewe ilipata kipigo kama cha Rosa. Ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, na ni baadaye tu iliporuhusiwa. Waliohofu kwamba ingewaharibu vijana walifanya yale yale aliyofanya baba: walizima redio. Wakati huo mafundisho ya bwenini na vijiweni hayakuhitaji kibali cha mtu.

Lakini mwandishi naye sitamwacha hivi hivi. Kezilahabi anamshitaki Zakaria waziwazi, na hapo nampongeza. Hata hivyo, ukiutazama msuko, anayelipa ni nani? Ni Rosa, anayejiua baada ya Charles kumkataa kwa sababu ya habari zake za nyuma. Kwa maneno riwaya inamlaumu mzazi. Kwa matukio inatoa adhabu ambayo mzazi yule angeikubali. Ndiyo maana msomaji mvivu anaifunga akiwa na hukumu ile ile aliyoingia nayo. Nasi wahakiki tunamsaidia tunapojaza kurasa tukihesabu wanaume wa Rosa. Mbona hatumwulizi Charles yeye amepita wapi?

Mdogo wetu wa mwisho, msichana, yuko kidato cha tatu. Siku hizi mwalimu wake mkubwa ni simu: kila siku inamwonyesha mwanamke anatakiwa aweje, avae nini, ampendeze nani. Juzi baba aliichukua akaificha kabatini. Nilimwambia, “Mzee, ile redio uliizima, na sisi tukaenda kwa jirani.” Alininyamazia. Nami nikakaa na binti yule, tukaifungua Rosa Mistika ukurasa wa kwanza. Swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini mama hasemi kitu. Kwenye semina zetu sijalisikia swali hilo.