Mafundi wa Umri wa Majivu

Ukishuka kutoka milima ya Kalinzi hadi Ziwa Tanganyika, huoni volkano hata moja. Ila kila kiangazi, kusi linapovuma, maji ya chini hupanda na virutubisho, diatomu (mwani mdogo sana wenye maganda) huzaana, na maganda yake yakizama huacha utando mweupe juu ya tope jeusi la masika. Watafiti wamezihesabu tando hizo mwaka baada ya mwaka.

Diatomu kama hizo zimeacha miamba myeupe huko Baringo, Kenya. Kati ya miaka milioni 2.7 na 2.55 iliyopita, maziwa yenye kina yalijaa na kukauka pale mara tano, takriban kila baada ya miaka 23,000. Huo ndio mwendo wa kuyumba kwa mhimili wa dunia, ambao hubadili nguvu ya jua la msimu na mvua zake. Wanajimu wanaweza kuupigia hesabu bila kugusa jiwe lolote.

Hesabu hiyo ni shahidi wa kwanza wa umri wa miamba hiyo; wa pili ni majivu ya volkano yaliyolala kati yake, na hapa ndipo penye ufundi ninaousifu. Fundi huinamia hadubini akichambua fuwele mojamoja, kama wachambuavyo buni Kalinzi: chafu weka kando, safi chukua. Fuwele hupigwa nyutroni kwenye kinu cha nyuklia, kisha leza huyeyusha moja tu, na gesi ya agoni inayotoka hupimwa. Agoni inayoonyesha umri imezaliwa na potasiamu-40, polepole mno: nusu ya potasiamu-40 huisha kwa miaka bilioni 1.25.

Fuwele moja kongwe iliyosombwa na mto yatosha kuharibu jibu. Majivu ya KBS huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, yalitangazwa kuwa na miaka milioni 2.6 hivi. Meno ya nguruwe wa kale yakakataa, yakionyesha umri mdogo zaidi. Ubishi ulidumu karibu miaka kumi, hadi ikakubalika kuwa ni kama milioni 1.9.

Hata fuwele safi hulinganishwa na jiwe la kipimo, la Fish Canyon, Marekani. Mwaka 2008 Kuiper na wenzake walipima majivu ya Moroko yaliyo katikati ya matabaka ambayo tarehe zake zinatokana na mizunguko ya dunia, wakasogeza umri wa jiwe hilo kutoka miaka milioni 28.02 hadi 28.201. Tofauti haifiki asilimia moja. Lakini kwa majivu ya Baringo ni kama miaka 17,000, karibu robo tatu ya mzunguko wa mvua na ukame! Kwangu, hapo ndipo heshima ya kazi hii ilipo: hawakuchagua shahidi waliyempenda, waliwabana wote wawili mpaka kauli zikaoana.

Chini ya ziwa letu, Tanganyika, kuna tope la unene wa kilomita kadhaa. Kijana wa Kigoma unayependa fizikia, soma jiolojia; kazi ya kulipatia tope hilo tarehe zake inakungoja.