Inangoja Nini?

Kompyuta ikikwama, wengi wetu hapa Goma tunaizima na kuiwasha upya. Mazoea hayo yanaeleweka, maana umeme wenyewe hukatika bila kumwuliza mtu. Mimi namsifu fundi asiyekimbilia kuzima, anayejiuliza kwanza: inangoja nini?

Chukua ofisi yoyote ya Himbi, mtaa wa mashirika kando ya Ziwa Kivu. Karani anataka kufungasha ripoti 512 kwa amri moja. Anabandika majina yote kwenye terminali ya Linux, dirisha la kuandikia amri, anabonyeza Enter. Kimya. Anamwita fundi: "Papa, majina yamezidi. Tuizime tu."

Fundi hakubali. Kwenye Linux, amri iliyopita kiasi hukataliwa papo hapo, tena kwa ujumbe. Na kiasi chenyewe kwa kawaida ni megabaiti 2, majina 512 hayafiki huko. Anatazama chini kabisa ya skrini. Mwanzoni mwa mstari kuna alama ya > peke yake: amri haijaisha, kompyuta inasubiri kilichobaki.

Basi anaikata orodha nusu kwa nusu. Nusu moja inapita, nyingine inakwama, anaikata iliyokwama. Baada ya mikato 9 limebaki jina moja: Chanjo_ng'ombe_Masisi.pdf. Tangu programu ya Stephen Bourne ya kusomea amri, iliyotoka na toleo la Unix la mwaka 1979, ritifaa, ile alama iliyo ndani ya ng'ombe, hufungua nukuu, na kila kinachofuata humezwa mpaka ije ritifaa ya kuifunga. Kifaransa cha ofisini nacho kinazidisha balaa: l'école, d'eau.

Ustadi wenyewe uko hapa. Ritifaa zikiwa shufwa, hakuna kinachokwama: zinafungana mbili mbili, na majina yaliyo katikati yanagandamana kuwa faili moja lisilokuwepo. Kwa hiyo fundi hodari haiamini nusu iliyopita mpaka ahesabu kilichofungashwa. Anayezima na kuwasha hatalijua hili hata akizima mwaka mzima.

Ndugu waandika ripoti, ndani ya ripoti ng'ombe abaki na ritifaa yake. Kwenye jina la faili andikeni ngombe. Jina likishakuja na ritifaa, andika herufi za mwanzo kisha bonyeza Tab, jina litakamilika salama. Na ukiiona ile >, Ctrl na C zinatosha kukutoa.