Pata na Bata

Hapa Cheyo, mjini Tabora, hati za Kiarabu si ngeni. Zilifika pamoja na misafara. Tippu Tip, aliyeipita njia hii mara nyingi, aliandika kwa hati hizo habari za maisha yake, na lugha yake ilikuwa Kiswahili.

Anayetaka kufanya vivyo hivyo leo kwa kompyuta hukuta kibodi ya Kiarabu ya Windows, ile iitwayo 101. Mimi naishutumu kwa jambo moja: imepangwa kwa Kiarabu peke yake. Kwenye vitufe vyake vya kawaida hakuna pe ya nukta tatu, wala che, wala ve. Basi "pata" na "bata" huweza kuandikwa sawasawa.

Wapo wasemao kuwa wazee nao waliandika be mahali pa pe. Ni kweli, lakini aliyepokea barua alimjua mwandishi na shughuli yake. Mjukuu hamjui. Tena herufi hizo zote zimo katika orodha ya Unicode. Kilichopungua ni kitufe tu. Ndugu msomaji, ufukara wa kibodi tusiusingizie Kiswahili.