Siheyuan: nyumba ya Beijing iliyopangwa kwa jua na cheo

Lango la siheyuan, nyumba ya ua ya Beijing, halikuwekwa katikati. Kwa kawaida lilikaa pembe ya kusini-mashariki, na mgeni aliyevuka kizingiti alikutana ana kwa ana na ukuta wa matofali wenye nakshi. Ilimbidi akate kushoto, aingie ua mwembamba wa mbele, kisha ageuke kulia kuufikia mlango wa pili. Mlango huo ulikuwa na nguzo fupi zinazoning'inia, ncha zake zimechongwa mithili ya tumba za yungiyungi. Wageni wengi waliishia hapo. Binti wa familia yenye hadhi naye hakutarajiwa kuuvuka ovyo kwenda nje.

Ndani ndiko ulikokuwa ua mkuu, wenye majengo pande tatu. La kaskazini, linaloelekea kusini, lilikuwa la wazee. La mashariki alipewa mwana mkubwa, la magharibi wadogo zake. Safu ya nne, ya kusini, ilibaki kwenye ua wa mbele, ikiupa jua mgongo, na iliachiwa wageni na watumishi.

Ugawaji huo haukuwa wa heshima tupu. Wazee walipewa pia chumba chenye hali nzuri kuliko vyote. Kanuni ya mafundi wa enzi ya Qing ilitaka upenu wa paa utokeze nje kwa takriban sehemu 3 kwa 10 za urefu wa nguzo. Tuchukue nguzo ya mita 3: upenu unatokeza sentimita 90. Beijing iko karibu nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya katikati ya Juni jua hupanda hadi nyuzi 73 hivi, na kivuli cha upenu huo hushuka karibu mita 3, yaani hufunika ukuta mzima. Katikati ya Desemba jua halizidi nyuzi 27. Kivuli hushuka nusu mita tu, na mwanga hupenya dirishani hadi ndani kabisa, msimu ambao upepo wa kaskazini-magharibi hukata kama wembe. Ukuta wa nyuma uliachwa bila madirisha, au ukapewa vidogo vya juu.

Uzito wa paa la vigae ulibebwa na kiunzi cha mbao: nguzo, boriti zilizopandiana, na maungio ya ulimi na tundu. Kuta zilijaza nafasi tu. Ndiyo maana Wachina husema ukuta ukianguka, nyumba haianguki.

Hata kiunzi kilisomwa kama cheo. Sheria za enzi ya Ming ziliwazuia raia wa kawaida kujenga ukumbi wenye nafasi zaidi ya 3 kati ya nguzo. Vilevile hawakuruhusiwa kupaka boriti michoro ya rangi. Lango nalo lilisema: kadiri milango ilivyorudishwa ndani, ikaacha kibaraza kirefu mbele yake, ndivyo mwenye nyumba alivyokuwa mkubwa. Mpita njia alijua hadhi ya ukoo kabla ya kubisha hodi.

Mpango wa ua ni wa kale mno. Mabaki ya Fengchu, mkoani Shaanxi, yana jengo la namna hiyo lenye umri wa miaka 3,000 hivi. Kilichoubana ni karne ya 20. Baada ya 1949 nyumba nyingi za ukoo mmoja ziligawiwa kaya kadhaa. Tetemeko la Tangshan la 1976 lilipowatoa watu vyumbani, vibanda vya muda vilijengwa uani, na vingi vikabaki kuwa majiko na stoo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, msanifu Wu Liangyong alijaribu njia nyingine katika kichochoro cha Ju'er: majengo ya ghorofa 2 na 3 yaliyozunguka nyua, kila familia na jiko na choo chake. Jua na ua vilibaki. Ngazi ya vyeo ikaondoka. Kwa mji wenye mamilioni ya watu, hilo ndilo somo la siheyuan linalofaa kuigwa.