Nyongo Haipasuliwi Juu ya Nyama

Video ya upasuaji wa uvimbe wa ovari mmeiona; imezunguka kwenye magrupu ya wauguzi na matabibu kuanzia Gilgil hadi Molo. Hospitali siitaji wala daktari simtaji. Ila mkato ule ulikuwa kosa, na yaliyofuata yote yalizaliwa hapo.

Uvimbe wenyewe umepanda mpaka chembe ya moyo. Altrasaundi imeonyesha vyumba vya majimaji, hakuna kipande kigumu, tumbo halina maji. Dalili hizo zinaelekea kusema si saratani. Halafu daktari anakata mkato wa bikini. Wa bikini, kwa mzigo unaosukuma mbavu! Nimeupigia kelele mkato huu miaka na miaka, na sichoki: unamfaa mtoto anayetolewa chini ya kitovu. Mkato wa wima ukikubana, unaurefusha upendavyo. Wa bikini ukikwama, umekwama.

Nao ulikwama. Rudieni pale mkono unapozunguka ndani na kilele cha uvimbe hakifikiki. Bado daktari alikuwa na nafasi ya kujinusuru. Kama nia ni kupunguza maji, zungusha shashi pande zote, piga uzi wa mviringo kwenye ukuta wa uvimbe, toboa katikati yake, fyonza polepole, kaza uzi. Yeye alichoma kisu tu. Ute ukafurika tumboni, msaidizi akabaki kuufukuza kwa mrija. Mchinjaji wa Kikopey, hata wateja wakimpigia honi barabarani, nyongo ya mbuzi huitoa nzima.

Mtaniambia uvimbe haukuwa wa saratani. Nani alijua pale mezani? Majibu ya patholojia huja baadaye. Yakija vingine, ugonjwa uliokuwa umefungika ndani ya ovari moja, hatua ya IA, unahesabiwa IC1 kwa sababu ya kisu. Na ingekuwa dermoidi, yale mafuta yangeunguza utando wa tumbo.

Mtaalamu wa nusukaputi alimwinamisha mama upande wa kushoto ili vena kava isibanwe, na ovari ya pili, isiyo na ugonjwa, iliachwa mahali pake. Safi.

Sasa mkumbukeni daktari Ephraim McDowell, Kentucky, Desemba 1809, aliyetoa uvimbe wa ovari. Jane Todd Crawford alimfuata kwa farasi maili 60, akapasuliwa bila nusukaputi. McDowell naye alipasua uvimbe, akatoa ratili 15 za ute, kisha mfuko wa ratili saba na nusu. Lakini aliona kwanza kwamba hautoki mzima, na baadaye akamgeuza mgonjwa ubavu ili damu imwagike nje. Crawford aliishi mpaka miaka 78. Mwaka 1991, kule Stanford, daktari Katherine O'Hanlan alitoa uvimbe wa kilo 137.6 bila kuupasua. Sisi tuna taa, mashine ya kufyonza na shashi tele, tunachoma kisu!

Tena simu thietani ni ugomvi wangu wa zamani. Aliyekuwa anarekodi angeshika ritrakta.

Madaktari vijana wa kaunti, uvimbe ukivuka kitovu, kateni wima. Na majibu ya mama huyu yakitoka, asipewe karatasi tupu: aambiwe pia kwamba uvimbe ulimwagikia ndani, na apangiwe tarehe ya kurudi kliniki.