Kusafisha, Kuhariri, Kuuza: Uhakiki wa Msamiati wa Upigaji Picha za Dijitali

Fani ya upigaji picha imegeuka kabisa katika muda wa miaka hamsini hivi. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak ya Marekani aliunda kamera inayohesabiwa kuwa ya kwanza kunasa taswira kwa njia ya dijitali, bila filamu. Kamera hiyo ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Leo simu ya kawaida ina pikseli milioni kumi na zaidi, na mwenye simu hiyo hajui hata kama zipo.

Mabadiliko hayo hayakuisubiri kamati yoyote ya istilahi. Wapiga picha, mafundi wa studio, wauza vifaa na wateja wao wamejiundia msamiati wao wenyewe, na sehemu kubwa ya msamiati huo ni mzuri. Sehemu nyingine inaleta hasara. Makala haya hayakusudii kutoa orodha ndefu ya maneno mapya. Yanakusudia kuyahakiki maneno yanayotumika sasa kwa kutumia kipimo kimoja: je, neno hili linamwezesha mpiga picha na mteja wake kupatana juu ya kazi bila kugombana baadaye? Asili ya neno, ufupi wake na utamu wake masikioni ni mambo ya maana, lakini huja nyuma ya swali hilo. Istilahi isiyoweza kuandikwa katika mapatano na ikaeleweka kwa namna moja na pande zote mbili haijatimiza kazi yake.

Urithi wa filamu

Tuanze na maneno tuliyorithi. Kitenzi "kupiga" hakina ubishi. Kimekaa pamoja na kupiga chapa, kupiga pasi na kupiga simu, na hakuna anayedhani kuwa picha huchapwa makofi. Tatizo liko katika kitenzi "kusafisha". Zamani za filamu neno hilo lilikuwa sahihi kabisa. Katika studio za pwani, mathalani Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, filamu ilitumbukizwa katika dawa, ikaoshwa kwa maji, kisha ikaanikwa. Aliyesema amepeleka mkanda ukasafishwe alieleza jambo lililotendeka kwa kweli.

Filamu imeondoka mikononi mwa watu wengi, lakini kitenzi kimebaki, na sasa kinabeba mizigo mitatu. Mmoja akisema "nisafishie picha hizi" anataka zichapwe kwenye karatasi. Wa pili anataka chunusi ziondolewe usoni. Wa tatu anataka picha iliyoingia giza ipewe mwanga. Kazi hizi tatu zina bei tatu tofauti, na fundi anayekubali kwa neno moja tu amejitafutia ugomvi. Tunapendekeza "kusafisha" kubaki kwa filamu, ambayo bado ina wapenzi wake. Kutoa picha kwenye karatasi kuitwe "kuchapa". Kazi zile mbili nyingine zitapata majina yake hapa chini.

Vifaa

Katika vifaa, kosa la kwanza ni kutohoa bila kuangalia nyumba ambayo neno linaingia. Kile kipande kilichomo ndani ya kamera kinachopokea mwanga mahali pa filamu kimeanza kuitwa "sensa". Lakini sensa ni kuhesabu watu. Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi mwaka 2022, na hakuna mtumishi wa serikali asiyelijua neno hilo kwa maana hiyo. Tunalo neno "kihisi", lililoundwa kwa kanuni ya lugha yenyewe kutokana na kuhisi, na linatosha. Hivyo tunaweza kusema bila utata kwamba kihisi kikamilifu kina milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa fremu ya filamu ya kawaida, na kwamba vihisi vya kamera nyingi za bei nafuu ni vidogo kuliko hicho.

Kosa hilohilo limeipata "flashi". Kwa watu wengi sasa flashi ni kile kijiti cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Karani akiandika katika hati ya manunuzi "flashi mbili za mpiga picha", anaweza kuletewa vijiti viwili vya shilingi chache wakati alitaka taa. "Taa ya mmweko" ni refu kidogo, lakini haligongani na kitu.

Kosa la pili ni kufasiri neno kwa neno. Wapo waliotazama kamusi wakaita wingi wa pikseli katika picha "azimio". Azimio ni uamuzi wa mkutano. Wasomaji wetu wanakumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hawawezi kulipima kwa nukta. Ubaya wa tafsiri hii hauishii kwenye kichekesho, kwa maana neno linalofasiriwa limefunika dhana mbili katika lugha lilikotoka: idadi ya pikseli zilizomo katika picha, na msongamano wa nukta zinapochapwa. Tukizitenganisha, mambo hunyooka. Picha yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, yaani milioni 24, ikichapwa kwa msongamano wa nukta 300 kwa inchi, hutoa karatasi ya inchi 20 kwa 13 na theluthi. Ofisi inayotangaza kwamba inataka "picha yenye nukta 300 kwa inchi", bila kutaja ukubwa, haijasema kitu. Picha ya pikseli 300 kwa 300 inatimiza sharti hilo barabara, nayo ikichapwa haizidi inchi moja. Tangazo litaje idadi ya pikseli, au litaje msongamano pamoja na ukubwa wa karatasi.

Tafsiri ya namna hiyo imetuletea pia "kelele", kwa vile vidoadoa vinavyoonekana picha inapopigwa gizani. Picha haina sauti. Na hapa wananchi walikwisha kutusaidia zamani: televisheni iliposhindwa kunasa mawimbi, watu walisema inaonyesha "chenga", kwa kufananisha na chenga za mchele. Neno lipo, linaeleweka, na linasema hasa kinachoonekana. Mwalimu anaweza kuwaambia wanafunzi kwamba kuongeza wepesi wa kamera gizani huleta chenga, na hatahitaji kueleza zaidi.

Jambo la mwisho katika vifaa linahusu tundu la lenzi. Namba zake huenda 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, na kuendelea. Namba inavyokua ndivyo tundu linavyokuwa dogo, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Sababu ni kwamba namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la kipenyo cha milimita 25 ina namba 2; kipenyo kikiwa milimita 12.5, namba ni 4. Kwa sababu hiyo maagizo ya "ongeza" na "punguza" hayafai katika vitabu vya kufundishia, kwani mwanafunzi hajui kama anaambiwa aongeze namba au tundu. Yafaa kuandika "fungua tundu" na "bana tundu".

Kuhariri

Tumefika katika neno lenye uzito kuliko yote. "Kuhariri" limechukuliwa kutoka kazi ya magazeti na vitabu, na tunalikubali kama jina la jumla la kazi yote inayofanyika baada ya picha kupigwa, iwe kwa programu ya Photoshop iliyotoka mwaka 1990, au Lightroom iliyofuata mwaka 2007, au nyingine yoyote. Lakini jina la jumla halitoshi katika mapatano. Ndani yake mna kazi nne. Kwanza ni "kuchagua": kutenga picha njema katika mamia yaliyopigwa. Pili ni "kusawazisha": kurekebisha mwanga na rangi ya picha nzima ili ifanane na kilichoonekana. Tatu ni "kunadhifisha": kuondoa doa, vumbi au chunusi. Nne ni "kubadili": kuongeza au kuondoa kitu kilichokuwapo mbele ya kamera, kama mtu, nguzo au wingu.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa katika maisha ya watu. Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters liliondoa katika hifadhi yake picha 920 za mpiga picha mmoja, baada ya kugundulika kwamba ameongeza moshi katika picha ya mji wa Beirut. Mwaka 2015 mashindano ya World Press Photo yalikataa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya mwisho kabla ya washindi, kwa sababu ya kuhaririwa kupita kiasi kilichoruhusiwa. Waandaaji hawakuwakataza washiriki kusawazisha, waliwakataza kubadili. Mpiga picha wetu anayesoma kanuni zilizofasiriwa kwa neno moja "kuhariri" ataona ama kila kitu kimekatazwa, ama hakuna kilichokatazwa. Vilevile ofisi inayoagiza picha za ripoti yake na kuandika "picha zihaririwe" inaweza kuletewa kiongozi aliyepunguzwa miaka kumi, na isiwe na hoja ya kukataa.

Katika mashindano hayo mpiga picha hutakiwa alete faili la awali, lile lililotoka kwenye kihisi kabla kamera haijalipika. Wengine huliita "picha mbichi". Neno ni la kupendeza, ila linapotosha kidogo, kwa kuwa faili hilo bado si picha. Ni vipimo vya mwanga vinavyongoja kufasiriwa. "Faili ghafi" ni bora. Tumezoea malighafi viwandani, na mapato ghafi kwa wahasibu, yaani mapato kabla ya makato. Na hapa pia tunazungumza juu ya kitu kabla ya makato. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili la kawaida la biti 8 lina ngazi 256. Zilizokatwa hazirudi. Kwa hiyo anayepiga picha za harusi ndani ya ukumbi wenye mwanga mbaya ahifadhi mafaili ghafi. Nayo mapatano yaseme wazi kama mteja atakabidhiwa mafaili hayo au picha zilizokamilika tu.

Kuuza

Katika biashara ya picha, kitenzi "kuuza" ndicho kinachowaumiza wapiga picha zaidi. Mpiga picha anasema ameiuzia kampuni picha kwa ajili ya kalenda. Mwaka unaofuata picha hiyo iko kwenye bango la barabarani. Mwenye kampuni anajibu kwamba kitu kilichouzwa ni mali ya mnunuzi. Kwa lugha waliyoitumia, mnunuzi ana hoja. Kwa msingi wa hakimiliki hana, maana anayenunua nakala hanunui haki ya kuizidisha. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo jina lake limetupatia msamiati safi; yatupasa kuutumia. Pale ambapo mteja anapewa ruhusa tu, pasiandikwe "kuuza picha", paandikwe "idhini ya matumizi", na idhini hiyo itaje mambo manne: matumizi gani, mahali gani, kwa muda gani, na kama mteja anapewa yeye peke yake. "Ridhaa" tuitenge kwa mtu anayeonekana katika picha. Mwenye haki hutoa idhini. Mwenye sura hutoa ridhaa.

Hatimaye, neno la kumkinga mpiga picha na maafa. Wafasiri wamependa "nakala rudufu", lakini kurudufu ni kuzidisha tu, kama tulivyorudufu mitihani shuleni. "Nakala ya akiba" hueleza kusudi. Wapiga picha wa kazi hufuata kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Mwanafunzi akisikia akiba, atakumbuka kwamba haiozi.

Wapo watakaosema kwamba matumizi ndiyo yanayoamua, na kwamba watu waachwe waseme wapendavyo. Katika mazungumzo ni kweli, na neno "chenga" ni ushahidi. Lakini hati ya manunuzi, kitabu cha kiada na mapatano ya kazi si mazungumzo. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ndio wanaoziandika hati hizo, na kabla ya kuweka saini wanaweza kuliuliza kila neno swali letu: pande mbili zikilisoma kila moja peke yake, zitaelewa kazi ileile na malipo yaleyale? Likishindwa, litafutwe jingine.