Ujuzi Ulio Ndani ya Sotet

Ukitaka kujua kama mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, itakuwa nzuri, anza na kibuyu, maziwa baadaye. Wakalenjin wa Bomet, Kericho na Nandi hukiita sotet, na mama anayejua kugandisha hukihangaikia kuliko maziwa yenyewe.

Hukisugua kwanza kwa maji moto na sosiot, ufito wa ukindu uliopondwa ncha hadi ukawa nyuzinyuzi. Kikishakauka kabisa, huchukua kijiti cha mti uitwao senetwet chenye kaa jekundu nchani, akakitumbukiza ndani na kulipondaponda lile kaa kwenye kuta za kibuyu. Moshi unafuka mdomoni. Anageuza, anasugua, anageuza tena, mpaka vumbi jeusi limeshika sawasawa toka shingoni hadi kitakoni, lililozidi hulikung'uta. Ile rangi ya kijivu ya mursik na ladha yake ya moshi hutoka hapo.

Maziwa hayana mambo mengi. Yanachemshwa, yanaachwa yapoe, yanamiminwa, kibuyu kinafunikwa na kuwekwa penye ubaridi kwa siku kadhaa, wengine hata mwezi.

Sasa fikiria: kuchemsha kumeua karibu bakteria wote wa maziwa, na hakuna aliyetia kianzio. Kinachogandisha ni wakazi wa kibuyu, waliojibanza katika vitundu vya ganda tangu maziwa yaliyotangulia, pamoja na wageni wachache wa mikononi na hewani. Kwa hiyo usafi wa sotet una kipimo chake. Uchafu ukibaki, maziwa yanaoza. Kikiunguzwa kupita kiasi, wenyeji wanaotakiwa nao wanaangamia. Kipimo hicho mama anakijua kwa pua.

Maabara imewakuta humo Lactococcus, Leuconostoc na chachu, lakini sana sana Lactobacillus plantarum. (Mwaka 2020 wanasayansi waliigawa jenasi ya Lactobacillus kuwa 25, na huyu akaitwa Lactiplantibacillus. Kibuyuni kazi iliendelea.) Kwa kawaida bakteria wa duara huanza mbio, asidi ikipanda wanachoka, wenye umbo la kijiti wanapokea. Kiwango cha pH kikishuka kufikia 4.6 hivi, protini inashikana na maziwa yanaganda. Chachu nazo huacha kilevi kidogo na asetaldehidi, ambayo watafiti wameihusisha na hatari ya saratani ya umio, basi asije mtu akaniuzia mursik kama dawa.

Mala, maziwa ya mgando ya dukani, hutiwa bakteria waliochaguliwa, ikawa na ladha ileile Januari hadi Desemba. Sina ugomvi nayo. Ila mursik ya majirani wawili, hata maziwa yakiwa ya ng'ombe mmoja, hutofautiana, maana kila kibuyu kina wakazi wake.

Kibuyu kipya, kwa upande wake, ni kichungu. Sharti kilowekwe na kusuuzwa tena na tena kabla ya kuaminiwa. Ndiyo maana kilichokolea, kikipata ufa, hakitupwi upesi. Hushonwa.